Old Moshi, Machame, Rombo, Siha au Monduli: barabara ipi ina utulivu kwa mwenye baiskeli ya resi?

Mlima Kilimanjaro hauna barabara inayouvuka. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza akanyonge wapi baiskeli bila kufukuzwa na malori. Mlima huu una barabara za aina mbili. Kuna zinazopanda kutoka barabara kuu, zikapita kwenye migomba, zikafika msituni na kuishia hapo. Na kuna zinazouzunguka kiunoni, kutoka mji mmoja hadi mwingine, na nyingine hadi mpakani. Za kwanza hazitoki popote, kwa hiyo hakuna lori la masafa litakaloingia huko, maana halina linakokwenda. Za pili zinatoka, na barabara inayotoka huvuta magari hata kama ni nyembamba.

Kule Italia kuna njia ya milimani iitwayo Stelvio, inayofika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, ambayo siku moja kila mwaka hufungwa kwa magari, ikaachiwa baiskeli peke yake. Huku kwetu hakuna anayetufungia barabara. Utulivu tunautafuta wenyewe, kwa kuchagua njia na kuchagua saa, na mara nyingi saa ina uzito kuliko njia.

Hizi tano nimezipanda zote kwa baiskeli ya resi yenye tairi za milimita 28. Nne natokea Moshi. Ya Monduli hulala Arusha kwa dada yangu, nikaamka nayo.

Kwanza, ile barabara kuu

Kabla hujachagua mlima, amua utaupataje. Barabara kuu ya Arusha, Moshi, Himo hadi Holili ndiyo hatari kubwa kuliko kona yoyote ya mlimani. Ina mabasi yanayowahi, malori ya kwenda mpakani, na haisi zinazosimama ghafla kila penye abiria. Mwaka juzi, nikiwa pembeni kabisa mwa lami, lori lilinipita karibu kiasi kwamba kioo chake kilinigusa kiwiko. Niliteremka, nikakaa kwenye nyasi mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Tangu siku hiyo barabara kuu naipita kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au nakwenda kwa gari.

Kwenda kwa gari si aibu. Haisi za Marangu, za Machame na za Boma Ng'ombe zina keria juu. Patana na konda nauli ya baiskeli kabla hajaifunga, toa tairi la mbele mwenyewe, na hakikisha inafungwa kwa mipira ya tyubu, si kwa kamba ya katani. Kamba hulegea njiani na kukwangua rangi. Upande wenye cheni na derela, kile kifaa cha kuhamisha gia, uelekee juu.

Old Moshi

Hii ndiyo tulivu kuliko zote, na ndiyo fupi. Unaiacha barabara kuu pale Kiboriloni, kwenye soko la mitumba, saa ambayo wauzaji ndiyo kwanza wanashusha marobota. Unapinda kushoto kuelekea mlimani, na baada ya dakika kumi kelele za barabara kuu huzisikii tena. Lami inapanda kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia, kama kilomita 11. Mlima hauachii. Kuna vipande vya kutaka kusimama juu ya pedali, na mtu asiye na gia ndogo ataishia kuikokota. Mimi natumia meno 34 mbele na 32 nyuma, na bado kuna kona mbili natamani ningekuwa na jino la ziada.

Lakini angalia unachopata. Migomba inakutana juu ya kichwa chako, mikahawa iko chini yake, na pembeni unasikia maji ya mfongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, yakikimbia kuteremka wakati wewe unapanda. Tsuduni ndipo Wajerumani walipomtundika Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, Machi 2, 1900, pamoja na wenzake. Mti unaoonyeshwa kuwa ndio huo bado upo. Sijawahi kupita pale bila kusimama.

Asubuhi moja ya Agosti nilisimama pembeni kushusha pumzi. Mama mmoja mtu mzima akatokea kwenye njia ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, umande ukimchuruzika shingoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unapanda au unashuka?"

"Napanda, mama. Nafika Kidia."

"Basi subiri kidogo. Gari la kwanza linateremka sasa hivi, na hiyo kona ya mbele ni nyembamba."

Hazikuisha dakika tatu haisi ikatokea kwenye ile kona, imejaa mpaka mlangoni, ikapita katikati kabisa ya lami. Mama akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea na safari yake. Kutoka hapo hadi Kidia sikupishana na gari lolote. Nilihesabu bodaboda nne.

Hiyo haisi inaeleza tabia ya barabara hii vizuri. Magari ni machache, lakini dereva anayejua kwamba ni machache huchukua kona zote kama zake. Kaa kushoto kwenye kila kona usiyoiona mwisho, hata kama umepanda kilomita tano bila kuona tairi la gari.

Kushuka ndiko kunakotaka akili zaidi. Penye kila njia ya kihamba, bodaboda zimeburuta tope hadi kwenye lami, na penye kivuli kuna majani ya mgomba yaliyolowa. Kama breki zako ni za kubana rimu, bana na uachie, bana na uachie. Ukizibana mfululizo kilomita zote, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Mimi husimama Tsuduni wakati wa kushuka, nikagusa rimu kwa kidole. Ikiniunguza, napumzika.

Machame, na jirani zake Mweka na Marangu

Ukiziweka Machame na Old Moshi pamoja, Machame ni pana zaidi, ndefu zaidi, na mwinuko wake umetulia. Kutoka njia panda kwenye barabara kuu hadi lango la hifadhi unapanda karibu mita 900 kwa kilomita zisizofika 20, yaani kama asilimia 5 kwa wastani. Ni mlima wa kukaa kwenye siti na kuhesabu pumzi. Kwa mtu anayeanza kupanda milima kwa baiskeli, hapa ndipo pa kujifunzia, si Old Moshi.

Shida yake ni wageni. Njia ya Machame ndiyo inayopendwa kuliko zote na wanaokwea Kilimanjaro, na wote wanafika langoni asubuhi. Kati ya saa mbili na saa tano barabara inajaa kosta za wapagazi na magari ya kampuni za utalii, yote yanapanda, yote yana haraka ya kuwahi kujiandikisha. Yakishashusha watu yanarudi tupu. Kisha kimya. Wakweaji wa Machame hawarudi kwa njia ileile. Wanashukia Mweka, na magari ya kuwapokea yanakwenda kuwasubiri huko.

Kwa hiyo ratiba inajipanga yenyewe: Machame ipande alfajiri, uwe umefika langoni kabla ya saa mbili, au ipande baada ya saa nane mchana. Mweka ifanyie asubuhi, kabla wale wanaoshuka hawajaanza kutoka msituni. Mweka ni fupi, inafaa kabla ya kwenda kazini, na lami yake inakufikisha kwenye chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa 1963.

Marangu haina dirisha kama hilo. Njia ya Marangu ndiyo ambayo mkweaji hupanda na kushuka kwa lango moja, kwa hiyo magari yapo asubuhi na yapo mchana. Lango liko kama mita 1,860 na kipande cha mwisho ndani ya miti mirefu kinapendeza sana. Ningeipanda Jumapili asubuhi wakati watu wako kanisani, na si siku nyingine.

Ukitoka Moshi hadi malango haya joto linashuka kama nyuzi 6. Kupanda hutahisi, maana unatoka jasho. Kushuka na jezi iliyolowa utahisi mpaka kwenye meno. Beba kizibao chepesi cha kuzuia upepo, kinakunjika na kuingia mfuko wa nyuma.

Rombo

Sasa tuingie kwenye zinazotoka. Barabara ya Rombo inaanzia Marangu, inapita Mwika na Mkuu hadi Tarakea mpakani mwa Kenya, zaidi ya kilomita 60, lami tupu. Wengi wakiiona kwenye ramani wanadhani ni ya kuambaa tu pembeni mwa mlima. Sivyo. Mito yote ya upande huu imechimba makorongo yanayoteremka kutoka mlimani, na barabara inayakata yote. Unateremka hadi darajani, unapanda ng'ambo, unavuta pumzi mbili, unateremka tena. Ukifika Tarakea umepanda milima mingi bila kuwa juu sana kuliko ulikoanzia.

Kwa uzuri wa kuangalia, hakuna inayoishinda. Kilele cha Mawenzi kiko kushoto kwako, kimechongoka na kukwaruzika tofauti kabisa na Kibo, kilele kikuu tunachokizoea Moshi, na kulia nchi inateremka hadi tambarare za Kenya. Kwa chakula pia hakuna inayoishinda. Kila baada ya kilomita chache kuna mahali pa mtori, ndizi mbivu, chapati na chai ya maziwa, na watu watakuuliza umetoka wapi na kukukalisha.

Kwa utulivu, hapana. Rombo ina watu. Kijiji kinaanza kabla kingine hakijaisha, na kila kijiji kina matuta, kituo cha bodaboda na shule. Saa moja asubuhi na saa nane mchana watoto wanatembea juu ya lami kwa makundi, na ni haki yao, maana pembeni hakuna njia ya miguu. Siku ya gulio usijaribu kabisa kupita Mwika. Baada ya Mkuu mambo yanapungua, na kipande cha Mkuu hadi Tarakea mapema asubuhi ni cha raha. Lakini ukija Rombo, njoo kwa ajili ya watu na milima midogo isiyoisha. Anayetaka kusikia cheni yake ikizunguka peke yake atasikitika.

Siha

Hii pia inatoka, lakini imekataa kufuata kanuni yangu, na ndiyo maana naipenda. Kutoka Boma Ng'ombe unapanda hadi Sanya Juu, kisha unaendelea kuelekea Ngarenairobi ukiwa upande wa magharibi wa mlima. Lami ni nzuri, imenyooka, na inapanda polepole kwa muda mrefu. Baada ya Sanya Juu migomba inaisha. Yanaanza mashamba ya ngano, shayiri na viazi, mapana mpaka macho yanachoka, na Kibo inaonekana kwa upande wa Shira, imelala badala ya kusimama.

Kati ya Rombo na Siha tofauti kubwa ni watu. Rombo kila kilomita ina mtu. Siha unaweza kukaa robo saa bila kumwona yeyote isipokuwa mchungaji na mbwa wake. Magari ni machache, ila barabara iliyonyooka humfanya dereva akanyage. Ya kuangalia ni mawili: malori ya magogo kutoka shamba la miti la West Kilimanjaro, na magari ya wageni wanaokwenda lango la Londorossi asubuhi. Yote unayasikia kutoka mbali, ukapata muda wa kujiweka pembeni. Huo ndio usalama wa Siha: unaona na unaonekana.

Adui wa huku ni upepo. Kwenye mashamba hakuna mti wa kuukata, na kama saa nne asubuhi unaanza kuvuma kwa nguvu. Mwanzo wa safari uwe alfajiri ili unaporudi uwe unashuka.

Jambo la pili ni tembo, nalisema kwa uzito wote. Ukipita Ngarenairobi kuelekea Kamwanga unafika eneo la ushoroba wa Kitendeni, njia ya wanyama kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro. Tembo wanaitumia kweli. Usiwe huko kabla jua halijapanda wala baada ya saa kumi jioni, na ukiona kinyesi kibichi barabarani, geuza. Baiskeli haina honi ya kumtisha tembo.

Na la tatu: hakuna duka la vipuri. Mwaka jana cheni yangu ilikatika karibu na Ngarenairobi. Nilikuwa na tyubu mbili na viraka, lakini kifaa cha cheni nilikiacha nyumbani. Nikaikokota hadi kwa fundi baiskeli aliyekuwa chini ya mti, mbele yake kuna baiskeli mbili za Phoenix zimepinduliwa. Aliishika cheni yangu akaigeuzageuza.

"Kaka, hii ni nyembamba kuliko ninazozijua," alisema. "Lakini pini ni pini."

Akachukua msumari, akausugua ncha kwenye jiwe mpaka ukawa butu na mwembamba, akailaza ile cheni juu ya nati kubwa ya trekta ili pini ipate pa kutokea. Aligonga kidogokidogo, akisimama kila baada ya pigo kuangalia kama pini imehama sawasawa. Alitoa kipande kilichokatika, akaunganisha, kisha akaichezesha ile sehemu kushoto na kulia kwa vidole gumba mpaka ikalegea kama nyingine. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Ile cheni ilinifikisha Moshi na kunipeleka wiki tatu zaidi. Hata hivyo tangu hapo kifaa cha cheni kinakaa ndani ya mkoba wa siti, hakitoki.

Monduli

Kwa anayeishi Arusha, kuja hadi Kilimanjaro kila Jumamosi ni gharama. Nyumbani kwenu mna Monduli. Unatoka kwa barabara ya Dodoma kupitia Kisongo, na hicho ndicho kipande kibaya, kwa sababu magari yote ya wageni wa Manyara na Ngorongoro yanapita hapo asubuhi. Ondoka mapema. Ukishapinda kulia kuingia njia ya Monduli mambo yanabadilika ghafla. Lami inaelekea milimani, imetulia, na magari ni ya wenyeji na ya chuo cha kijeshi.

Arusha tayari iko kama mita 1,400, kwa hiyo unaanzia juu. Mlima wa Monduli si kama wa Old Moshi. Unapanda kwa upole, uwazi pande zote, Meru iko nyuma yako, na ng'ombe wanavuka bila kukuuliza. Ng'ombe wakivuka, simama. Mwamkie mchungaji, subiri wa mwisho apite. Kengele ya baiskeli huwatawanya, na ukiwatawanya umemtwika kijana kazi ya nusu saa.

Kutoka mjini njia inaendelea kupanda hadi Monduli Juu, alikozikwa Edward Sokoine. Kipande hicho hukipanda kwa baiskeli yenye tairi pana, siyo ya resi, na naona kinastahili siku yake yenyewe.

Ukilinganisha na Siha, zote mbili ni kavu, wazi na zenye upepo. Siha ni ndefu na mlima wake ni mkubwa zaidi. Monduli unaimaliza na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kuhusu maji, kwa upande wa Meru beba ya kununua ya kutosha. Maji ya huko katika sehemu nyingi yana floraidi nyingi, ndiyo hiyo inayotia meno rangi ya kahawia.

Njia ya Usa River kwenda Momella wengi huniuliza. Siiweki hapa. Inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nyati hasikii kengele.

Nani aende wapi

Una saa mbili tu na miguu yenye nguvu: Old Moshi, anza saa kumi na mbili. Unaanza kupanda milima na unataka kujua kama mwili wako unakubali: Machame, baada ya saa nane mchana siku kavu. Unatoka Dar es Salaam na hujazoea hewa ya juu: Machame pia, ila ya alfajiri na polepole, maana kwenye mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu na ushee tu ya ule wa pwani, na mapafu yatakudai. Unataka siku nzima ya barabara na kimya: Siha, mkiwa wawili au zaidi. Unataka siku nzima ya watu, chai na mabonde: Rombo, uanzie Mkuu. Uko Arusha: Monduli. Ukiniuliza mimi moja tu kwa maisha yote, nitachukua Siha, pamoja na upepo wake.

Machi hadi Mei, mvua za masika, barabara za migombani zote ziache. Tope linafika kwenye lami na mawe yanaporomoka. Siha na Monduli hukauka mapema, unaweza kuzijaribu mvua ikitulia siku mbili tatu.

Na Desemba, kuanzia katikati ya mwezi hadi Mwaka Mpya upite, Wachaga wanarudi nyumbani. Magari ya Dar es Salaam yanapanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo usiku na mchana, madereva wamechoka kwa safari ya siku nzima na wana furaha ya kufika. Hata Old Moshi, ile ya bodaboda nne, inapaki magari pande zote mbili. Siku hizo baiskeli yangu ya resi naitundika ukutani, napaka cheni mafuta, nashuka kwa miguu hadi njia panda kupokea ndugu zangu.